Habari za Bibi Mary Livingstone, Aliyeitwa Ma-Robert

Katika kitabu cha Jubilii watu hutazamia kusoma habari za maaskofu, mapadre na walimu waliojenga makanisa na kufungua skuli, nao watapata heshima yao mahali pao. Lakini tumeona si haki kumwacha nje mwanamke mmoja ambaye hakuwa na cheo chochote, wala hakuhubiri, wala hakuandika kitabu. Mwalimu akiuliza darasani habari za Daktari Livingstone, mikono ya watoto huinuka yote. Akiuliza kama Livingstone alikuwa na mke, na kama yule mke alizikwa wapi, mikono hushuka. Basi twataka kueleza habari zake, hasa habari za safari yake ya mwaka 1858, alipotoka Ulaya pamoja na mumewe kwenda Zambezi, asifike, akarudi kwao kujifungua.

Tukisema kwao, msomaji asidhani ni Uingereza. Mary Moffat alizaliwa Griquatown, Afrika ya Kusini, tarehe 12 Aprili 1821. Baba yake, Robert Moffat, alikuwa mtu wa Scotland, na mama yake, Mary Smith, alikuwa Mwingereza. Moffat alikuwa ametumwa na chama cha London Missionary Society. Mwaka 1824 jamaa ilihamia Kuruman, mahali penye chemchemi kubwa itokayo mwambani, itoayo mamilioni ya lita za maji safi kila siku, na pembeni yake ni nchi kavu. Hapo Moffat alichimba mifereji, akapanda miti ya matunda, akajenga kanisa la mawe lililofunguliwa mwaka 1838, akaweka mtambo wa kupigia chapa. Kazi yake kubwa ilikuwa kutafsiri Biblia katika Kitswana. Injili ya Luka ilitoka mwaka 1830, Agano Jipya mwaka 1840, na Agano la Kale likamalizika mwaka 1857. Mary alikua katika sauti za lugha hiyo. Kitswana alikijua tangu utotoni, na twaweza kusema kwamba katika mambo ya lugha mumewe alikuwa mwanafunzi na yeye mwalimu.

Uingereza aliiona mara ya kwanza mwaka 1839, naye amekwisha kuwa msichana wa miaka kumi na minane. Safari ile ilimfundisha mapema jinsi uzazi na bahari vilivyo, kwa maana mdogo wake Elizabeth alizaliwa jamaa ilipokuwa ikisafiri, na mdogo mwingine, James, akafa siku zile zile. Wakarudi Afrika mwaka 1843. Livingstone, kijana aliyekuwa amewasili Kuruman miaka miwili kabla, alipanda farasi akaenda mbali kuwalaki njiani. Mwaka uliofuata alijeruhiwa vibaya na simba huko Mabotsa, mfupa wa mkono ukavunjika. Alipokuja Kuruman kuuguza mkono wake, ndipo alipomposa Mary chini ya mlozi katika bustani ya baba yake. Wakaoana Januari 1845.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka 1846, wakamwita Robert kwa jina la babu yake. Tangu siku hiyo Watswana hawakumwita mama yake Mary tena. Wakamwita Ma-Robert, yaani Mama Robert. Desturi hiyo hatuna haja ya kuieleza kwa wasomaji wetu, maana hata sisi mwanamke akiisha kuzaa, jina la mwanawe ndilo jina lake.

Walikaa Mabotsa, kisha Chonuane, kisha Kolobeng, kwa Sechele, mfalme wa Wakwena. Kolobeng mvua ilikataa kunyesha mwaka hata mwaka. Bibi alioka mikate katika tanuri iliyochimbwa ndani ya kichuguu, na jiwe kuwa mlango wake. Alitengeneza sabuni kwa majivu ya majani, akatengeneza mishumaa, na mchana wa jua kali akashuka kufundisha watoto wadogo, sitini au themanini, na siku nyingine zaidi. Walimu wanaosoma haya wajipime wenyewe.

Aprili 1850 Livingstone alimchukua mkewe na watoto watatu kwa gari la ng'ombe, kuvuka jangwa la Kalahari mpaka ziwa Ngami, na Bibi alikuwa mja mzito. Watoto walishikwa na homa, wakarudi. Agosti akajifungua Kolobeng mtoto mwanamke, wakampa jina la Elizabeth, naye baada ya majuma sita akafa. Mama mwenyewe alipatwa na ugonjwa uliopooza upande mmoja wa uso. Wakaenda Kuruman apate nguvu, na huko Bibi Moffat aliona kwa macho yake hali ya binti yake.

Mwaka uliofuata Livingstone alitaka kumchukua tena jangwani, naye amekwisha kuwa mja mzito tena. Mama mkwe alimwandikia barua kali sana, akimwuliza kama kifo cha mtoto mmoja hakikutosha. Alikuwa mama aliyezaa watoto wengi na kuwazika wengine, na maneno yake hayakuwa ya mtu asiyejua. Lakini safari haikuzuiwa. Siku nne walikwenda bila maji ya kutosha, na watoto wakilia kwa kiu, na Livingstone mwenyewe ameandika kwamba mkewe hakumlaumu hata kwa neno moja, ila machozi yake yalimwambia yote. Walimfikia Sebituane, mfalme wa Wamakololo, naye akafa Julai 1851, muda mfupi tu baada ya kuwapokea. Na tarehe 15 Septemba 1851, ukingoni mwa mto Zouga, Bibi akajifungua mtoto mwanamume, William Oswell. Nyumba ya uzazi ilikuwa porini.

Tunasema wazi kwamba hapa hatuwezi kumsifu Livingstone. Aliogopa kumwacha mkewe peke yake Kolobeng, jambo hilo ni kweli. Lakini mtu awezaye kutabiri homa na kiu ya njiani, kisha akapita njia hiyo na mwanamke mja mzito mara mbili, hawezi kusema hakuonywa.

Hata mwenyewe aliona hivyo, kwa maana Aprili 1852 aliwapandisha mkewe na watoto wanne katika merikebu pale Cape Town, waende Uingereza, akaahidi kuwafuata baada ya miaka miwili. Mwaka ule ule Makaburu walishambulia watu wa Sechele, na nyumba ya Kolobeng ikaporwa. Vitabu vikachanwa, dawa zikamwagwa. Basi Ma-Robert hakuwa na nyumba tena Afrika, isipokuwa ile ya wazazi wake Kuruman, na huko Ulaya hakuwa na nyumba kabisa. Alikaa kwanza kwa wakwe zake Hamilton, Scotland, wasipatane, akaondoka. Akahama mji hata mji na watoto wake, huku akiandika barua kuomba fedha za matumizi. Miaka miwili ikawa minne na zaidi. Mumewe alifika Luanda mwaka 1854, akavuka bara zima mpaka Quelimane mwaka 1856, na jina lake likatangazwa dunia nzima. Jina la mkewe lilikuwa katika daftari za wenye nyumba za kupanga. Waliomjua katika miaka ile na iliyofuata wameandika kwamba nyakati nyingine alitafuta faraja katika kileo, na kwamba imani yake ilitikisika. Hatulifichi jambo hilo, wala hatuoni kwamba lampunguzia heshima.

Desemba 1856 Livingstone akawasili. Bibi alikuwa amemtungia mashairi ya kumkaribisha, na katika mashairi hayo hamna lawama, ila furaha na ombi la kwamba wasiachane tena.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Desemba 1857, Livingstone alisema na wanafunzi wa Cambridge, akawasihi wasiache mlango wa Afrika ufungwe. Wasomaji wengi wajua kwamba hotuba ile ndiyo iliyozaa Universities' Mission, na kwamba Misheni hiyo ilikuja kuhamia Unguja mwaka 1864. Wasiyoyajua ni kwamba siku zile zile ndani ya nyumba ya Livingstone palikuwa na mashauri mengine: nani atakwenda Zambezi na nani atabaki. Serikali ya Uingereza ilimpa safari kubwa ya uchunguzi. Ikakatwa shauri kwamba Bibi aende naye, na mtoto mdogo Oswell aende nao. Robert, Agnes na Thomas watabaki Scotland. Katika karamu ya kuagana mjini London, Februari 1858, Livingstone alimsifu mkewe mbele ya wakubwa, kwamba ajua lugha za kusini, ajua kazi, ajua kuuguza wagonjwa. Watu wakamshangilia. Baada ya miaka ile minne ya kuhamahama, twadhani siku hiyo ilikuwa tamu kwake.

Tarehe 10 Machi 1858 meli iliyoitwa Pearl iling'oa nanga. Ndani yake alikuwamo tabibu kijana, John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Waingereza Unguja wakati soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Na ndani ya shehena ilikuwamo mashua ya moshi ya chuma, imefungwa vipande vipande, tayari kuungwa kwenye mlango wa Zambezi. Mashua hiyo ilipewa jina la Ma-Robert, kwa heshima ya Bibi.

Siku za kwanza Bibi alitapika, na watu wote walidhani ni bahari. Lakini bahari ilipotulia yeye hakupona. Walipopita Sierra Leone ilikuwa dhahiri kwamba ni mimba. Kila mwanamke mwenye kusoma haya atafahamu jinsi habari iliyo njema nyumbani ilivyokuwa habari ya kuvunja moyo melini. Miezi ya mwisho ya mimba yake ingemkuta katika matope ya mlango wa Zambezi, mahali pa homa, kati ya wanaume watupu, katika mashua ambayo hata haijaungwa. Na Livingstone safari hii hakubisha. Twaamini kwamba alikumbuka kaburi la mtoto Kolobeng, na barua ya mama mkwe.

Msomaji wa pwani atakumbuka jambo lingine. Miaka kumi na minne kabla, Julai 1844, Bibi Rosine Krapf alijifungua Mombasa, mbali na mama yake na ndugu zake wote. Akafa siku chache baada ya kuzaa, na mtoto wake mchanga akamfuata. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, mpaka leo. Hivyo ndivyo hatari ilivyokuwa nyakati zile.

Pearl ilifika Cape Town mwezi wa Aprili, na hapo, kwa neema, Bibi aliwakuta baba na mama yake. Ikaamuliwa aende nao Kuruman akajifungue huko, kisha amfuate mumewe kwa njia ya bara. Mwanzoni mwa Mei Pearl ikaondoka. Mume na mashua yenye jina la mkewe wakaenda kaskazini, na mke mwenyewe akapanda gari la ng'ombe pamoja na Oswell na wazee wake.

Toka Cape Town hata Kuruman ni maili zipatazo 600. Kwa ng'ombe si safari ya siku, ni safari ya majuma mengi, na gari halina springi. Hufungwa ng'ombe jozi kwa jozi, hutembea kwa hatua ya mtu, hulala porini, hungoja mito ipungue. Lakini safari hii ilikuwa na tofauti moja na zile za Kalahari: mwishoni mwake palikuwa na nyumba, na njiani mama yake alikuwa kando yake. Kwetu ni desturi ya watu wengi kwamba mwanamke akikaribia kujifungua, hasa mara ya kwanza, hurudishwa kwa mama yake, apate kutunzwa na wakunga aliowajua tangu utoto, na arobaini yake ipite katika nyumba ya baba. Ma-Robert alipata haki hiyo akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, katika mimba yake ya sita.

Tarehe 16 Novemba 1858, hapo Kuruman, akajifungua salama mtoto mwanamke, akaitwa Anna Mary. Tufikiri kidogo jinsi palivyokuwa mahali pale. Maji ya chemchemi yalipita mferejini. Kanisa la mawe lilikuwa karibu, na mtambo wa kupigia chapa. Wanawake wa Kuruman, waliomjua Mary toka alipokuwa mtoto wa miaka mitatu, hawakuhitaji mkalimani wa kumpa hongera. Mwenye kukosa alikuwa mmoja tu, yaani baba wa mtoto.

Livingstone wakati huo alikuwa akihangaika na mashua ya Ma-Robert. Ilikula kuni nyingi kuliko ilivyoweza kupakia, sahani zake za chuma zilitoboka, na mitumbwi ya wenyeji iliipita. Ilizama Desemba 1860. Habari za kuzaliwa kwa binti yake zilimfikia tarehe 4 Novemba 1859, zikiwa zimepungua siku kumi na mbili tu kutimiza mwaka mzima. Anna Mary alikuwa karibu kutembea, na baba yake ndiyo kwanza anajua kwamba amezaliwa.

Ile njia ya bara haikufuatwa. Watoto watatu walikuwa Scotland, na moyo wa mama uliwaelekea. Bibi akarudi Ulaya tena na Oswell na mtoto mchanga. Hatuna budi kukiri kwamba pengine angepata raha zaidi kama angebaki Kuruman, lakini mtu mwenye watoto kaskazini na kusini hana mahali pamoja pa kuita kwao. Na mumewe naye alimwita. Mwaka 1861 akamwacha Anna Mary, ambaye hajatimiza miaka mitatu, mikononi mwa wifi zake Hamilton, akaenda Zambezi mara ya pili. Safari hii alifika.

Jahazi lililomleta liliitwa Hetty Ellen. Wanawake wengine waliosafiri naye ni watu wa Misheni yetu: dada wa Askofu Mackenzie, na Bibi Burrup, mke wa Padre Burrup. Mmoja alikuja kumtunzia kaka yake nyumba, na wa pili alimfuata mume aliyekuwa amemwoa si zamani. Livingstone aliwapokea mlangoni mwa Zambezi tarehe 1 Februari 1862. Hakuna aliyejua kwamba Askofu amekwisha kufa siku moja kabla, tarehe 31 Januari, kwenye kisiwa mahali mto Ruo uingiapo katika Shire. Padre Burrup, aliyekuwa naye, akafa Magomero Februari 22. Wale mabibi wawili walipanda mto kwa matumaini, wakashuka kwa kilio, wakarudishwa Ulaya.

Ma-Robert akabaki na mumewe. Miezi mitatu walikuwa pamoja, baada ya kutengana karibu miaka minne. Yako maneno ya fitina yaliyonong'onwa melini juu yake na James Stewart, kijana wa Misheni ya Scotland aliyemsindikiza. Livingstone hakuyajali, na sisi hatutayarudia. Kazi ya mitambo na mizigo iliwachelewesha kule kwenye nchi ya chini, yenye homa, katika majira mabaya kabisa ya mwaka. Tarehe 21 Aprili Bibi alianza kuugua huko Shupanga, katika nyumba ya mawe ya Wareno iliyo ukingoni mwa mto. Alitapika kila dawa aliyopewa, hata kwinini haikukaa tumboni. Wakamlaza juu ya kitanda kilichofanywa kwa masanduku. Mumewe, aliyekuwa amewauguza watu wengi, alikaa kando yake akilia kama mtoto. Jioni ya tarehe 27 Aprili 1862 akafa, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Usiku seremala akafanya jeneza. Kesho yake mabaharia wanne walilichukua, na yule Stewart akasoma maneno ya maziko chini ya mbuyu mkubwa.

Shupanga sasa ni katika nchi ya Msumbiji, na kaburi lingaliko. Livingstone naye alikufa kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, na habari za Susi na Chuma walioubeba mwili wake mpaka Bagamoyo hufundishwa katika kila skuli. Mwili ule ulizikwa London. Basi katika hao wawili, aliyezikwa Afrika ni yule aliyezaliwa Afrika.

Anna Mary alimwona baba yake mara ya kwanza mwaka 1864, naye anakwenda katika mwaka wa sita. Alikua, akaolewa, akaishi hata mwaka 1939. Mwanawe Hubert Wilson alisomea utabibu, akaja Afrika, akafanya kazi katika misheni ya Chitambo, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Misheni hiyo ilianzishwa na Malcolm Moffat, mtoto wa ndugu yake Ma-Robert.